Wifi, itazame tena ile picha

Wifi yangu mpendwa,

Siku ile uliikuta ile picha ukutani kwangu ukauliza, "Krismasi gani hii ya huzuni?" Sikukujibu vizuri, watoto walikuwa wanalilia uji. Nakujibu leo, na wengine wasome.

Aliyeichora ni Thomas Nast, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia New York akiwa mtoto. Ilitoka katika gazeti la Harper's Weekly la tarehe 3 Januari 1863, Wamarekani wakipigana wao kwa wao, Kaskazini dhidi ya Kusini. Wiki tatu tu nyuma, jeshi la Kaskazini lilikuwa limechapwa Fredericksburg, Virginia. Zaidi ya askari wake 12,000 waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena. Gazeti hilo liliingia katika nyumba zenye matanga.

Sasa tazama. Kuna maduara mawili yaliyozungushiwa majani mabichi. Kushoto mama amepiga magoti dirishani, mikono ameifumbata, macho ameyainua. Nyuma yake watoto wamelala. Kulia ni mumewe, askari, ameketi kando ya moto na bunduki yake, anatazama picha za familia. Mimi macho yangu hukwama pale maduara yanapokaribiana. Hapana mlango pale, hapana njia. Mke anaangalia mbinguni, mume anaangalia karatasi, na wote wawili wanatafutana. Majani yenyewe ni ya miti isiyopukutika hata kwenye baridi kali, ndiyo maana kwao ni alama ya uhai.

Wanao walimwona Santa tu. Yupo kweli, lakini mdogo, kwenye pembe za juu: huku anaingia kwenye bomba la moshi, huku anawarushia askari zawadi. Katikati hakupewa yeye.

Halafu kule chini, makaburi kwenye theluji. Ulipapita haraka, nilikuona. Rudi hapo, wifi. Picha hii ilichongwa kwenye ubao ndipo ikachapwa kwa wino mweusi. Weupe wa theluji si rangi, ni karatasi tupu, pale mchongaji alipoondoa mbao wino usifike. Kila ninapoyatazama makaburi yale nauona ule mkono ukichimba polepole.

Najua kwa nini ilikuuma. Krismasi hii kaka hatakuwepo, na wewe ndiye utakayewalaza watoto peke yako. Sikuitoa picha. Ukija Jumapili kaa kwenye kiti cha kaka, kinatazamana nayo.

Wifi yako