Neno uliloniuliza kwenye simu

Mwanangu mpendwa,

Huku Lushoto hatujambo, ila baridi ya asubuhi imeanza kutusumbua. Mama yako anakusalimu na anauliza kama lile blanketi limekufikia.

Juzi uliniambia kwamba fomu ya kuomba kazi inakutaka ueleze "passion" yako ni nini. Nikakujibu harakaharaka: andika unachokipenda sana. Usiku usingizi ukanipaa. Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote, na wewe nimekupa nusu ya neno.

Asili yake ni Kilatini, kitenzi "pati", maana yake kuteseka, kustahimili. Wakristo wa kale walipata hapo "passio", wakaliita kwa jina hilo teso la Yesu mpaka msalabani. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikwenda na Kifaransa chao, na kwa mlango huo neno likaingia katika Kiingereza, bado likiwa na maana ya mateso. Kwenye karne ya 14 watu wakaanza kulitumia kwa hisia yoyote kali inayomshika mtu asijiweze. Mapenzi yakafuata karne ya 16. Hii habari ya kupenda kazi ni ya juzijuzi tu. Hata mgonjwa, Waingereza wanamwita "patient" kutokana na mzizi huohuo: ni yule anayevumilia.

Na neno lenyewe umekua nalo uani, mama. Ile pasheni iliyotambaa kwenye uzio karibu na jiko, uliyokuwa ukiichuma ukarudi na madoa shatini, ina jina hilohilo. Kwao ni Amerika ya Kusini, pande za Brazili na Paraguai. Wamisionari wa Kihispania walipoyaona maua ya jamii yake huko, waliyasoma kama mahubiri ya Ijumaa Kuu. Zile nyuzi zinazolizunguka ua kwa ndani zikawa taji la miiba. Vile vitatu vya juu kabisa vikawa misumari, na vile vitano vyenye chavua vikawa majeraha matano. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, akayaandika kwa Kilatini, Passiflora, ua la mateso.

Tena si Walatini peke yao. "Hamu" yetu tumeitoa kwa Waarabu, na kwao "hamm" ni wasiwasi, jambo linalomlemea mtu moyoni. Ukiniambia "Baba, nina hamu nawe," mzigo ule bado umo ndani ya neno, ingawa hatuutaji. Ndiyo maana nalipenda kuliko "nakupenda" ya kwenye simu.

Nikiwa nimelala macho wazi nilikumbuka gauni la komunyo la mdogo wako. Ulikuwa darasa la saba. Mkono wa kushoto ulikaa vibaya, ukaufumua mara nne. Umeme ulikuwa umekatika, kandili inatoa moshi, na kidole umekifunga kitambaa kwa sababu sindano ilikuchoma. Mama yako akakwambia uache, kanisani nani atatazama kwapa la mtoto? Ukamjibu bila kuinua kichwa kwamba bado linavuta. Kesho yake ulisinzia kwenye hesabu, nami nikakugombeza. Nilikosea, mwanangu, sikujua ninachokitazama.

Basi yaandike hayo. Usiwaambie tu kwamba unapenda ushonaji, kila mwombaji atasema anapenda. Waeleze ule mkono, kandili, na mara nne.

Kabla hujaituma fomu, nipigie unisomee. Jumapili baada ya misa nitakuwa nyumbani. Pasheni zimeanza kukunjamana, ndipo zinapokuwa tamu. Kijana wa jirani anashuka Dar Alhamisi, nitampa kikapu akuletee.

Nina hamu nawe.

Baba yako