Barua ya Malalamiko: Reale ya Maria Theresa Isiyo ya Fedha

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mwezi uliopita nilinunua kwenu, kwa shilingi 180,000, reale moja ya Maria Theresa, yaani sarafu ya Austria yenye sura ya malkia huyo, iliyokuja na hati inayothibitisha kuwa ni ya madini ya fedha halisi. Nilipolalamika kwa simu kuwa si ya fedha, nilijibiwa kuwa sarafu ina mwaka 1780 na kwamba sumaku haiishiki, kwa hiyo hakuna la kujadili.

Jibu hilo halitoshi. Reale hizi ziliendelea kupigwa Vienna na kwingineko, London na Bombay zikiwemo, muda mrefu baada ya malkia huyo kufariki, na zote zimebeba mwaka uleule wa 1780. Nayo sumaku haiishiki shaba wala nikeli iliyochanganywa na shaba, ambazo ndizo waghushi huzitumia.

Reale halali ina uzito wa gramu 28.07 hivi, na katika kila sehemu 1,000 fedha ni 833. Yenu ina gramu 24.1, na uchakavu pekee hauwezi kula gramu 4 huku nywele za malkia na manyoya ya tai yakibaki wazi kama ya jana. Niliweka bilauri ya maji juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri, kisha nikaining'iniza sarafu kwa uzi mpaka ikazama yote bila kugusa chini. Mizani ikasoma gramu 2.8, ambao ni uzito wa maji ya ujazo sawa na wa sarafu. Ukigawa 24.1 kwa 2.8 unapata 8.6, yaani sarafu ni nzito mara 8.6 kuliko maji ya ujazo huo, ilhali mchanganyiko wa fedha wa reale unapaswa kukaribia 10.2. Hata bila mizani, ukingo ungetosha: reale halali ina maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka, lakini hii ina mistari mitupu kama sarafu ya dukani.

Sikudai iliyopigwa enzi za malkia mwenyewe. Hata ya juzi ningeipokea, mradi iwe ya fedha.

Naomba mnirudishie pesa zangu zote pamoja na gharama ya posta ndani ya siku 14, na mnieleze kwa maandishi ni kipimo gani kilifanywa kabla ya hati ile kutiwa saini. Mkipenda, niko tayari kuipeleka sarafu kwa sonara mtakayemchagua, ipimwe mbele yetu sote.

Wenu mwaminifu,
Mteja wenu, Unguja