Kabla Hujanunua Seva ya Nyumbani, Tuonyeshe Kompyuta Yako ya Zamani

Mteja anayekuja kwetu kutaka seva ya nyumbani mara nyingi ameshachagua prosesa kabla hajatuambia anataka kuhifadhi nini. Tukimuuliza, jibu ni lile lile: picha za watoto tangu walipozaliwa, video za harusi, hati zilizoskaniwa, na filamu za kutazama kwenye TV. Kwa kazi hiyo, ile kompyuta ya mezani aliyoifungia stoo miaka yote inatosha. Tunamwambia hivyo hata kama mauzo ya mashine mpya yatatupita, kwa sababu fedha ile ile ina kazi kubwa zaidi kwenye diski.

Seva si mtambo wa ajabu. Ni kompyuta isiyozimwa, iliyochomekwa kwa waya kwenye ruta, inayogawa faili kwa simu, laptopu na TV za humo ndani. Kusoma faili na kuituma ni kazi nyepesi. Prosesa ya mwaka 2014 haitoki jasho, na RAM ya GB 8 inatosha kuanzia. Programu nazo ni za bure. Anayetaka wepesi tunamwekea OpenMediaVault, mfumo wa kuendesha seva uliojengwa juu ya Debian, aina ya Linux. Anayetaka diski zake zikaguliwe mara kwa mara kama kuna data iliyoharibika kimyakimya, tunamwekea TrueNAS, inayotumia ZFS, namna ya kupanga na kulinda faili kwenye diski. Kwa filamu na muziki ni Jellyfin.

Tunachopima kabla ya kuikubali mashine kuukuu ni umeme. Inayokula wati 30 usiku na mchana humaliza kama kilowati-saa 263 kwa mwaka. Inayokula wati 100 humaliza 876. Ikiwa yako ni ya aina ya pili, hapo tutakushauri utafute nyingine ndogo.

Lalamiko tunalolisikia kuliko yote ni kwamba filamu inakwama-kwama, na mwenye seva anaamini mashine imeelemewa. Tunaomba usinunue chochote kabla hatujatazama kinachoendelea. TV ikiielewa video kama ilivyo, seva huipeleka bila kuigusa. Isipoielewa, seva hulazimika kuifumua na kuifuma upya huku wewe unatazama, na hapo ndipo prosesa ya zamani hushindwa. Prosesa nyingi za Intel tangu 2011 zina sehemu maalumu ya kazi hiyo, iitwayo Quick Sync. Lakini kwa HEVC ya biti 10, namna ya kubana video ambayo hutumika sana kwenye filamu za 4K, tafuta ya kizazi cha 7 kwenda mbele, na isiwe ile yenye herufi F mwishoni mwa namba yake, maana hiyo haina sehemu ya picha.

Manukuu nayo huwapiga watu chenga. Yale yaliyoandikwa kama maandishi ya kawaida, faili za SRT, TV nyingi huyaonyesha zenyewe. Yale yanayotoka kwenye diski za Blu-ray ni picha, na kifaa kisichoweza kuyaonyesha huilazimisha seva iyachape juu ya filamu nzima, fremu kwa fremu. Mteja mmoja alitujia akiwa ameshaamua kubadilisha mashine. Tulizima manukuu, filamu ikaenda bila kusita. Tukamwekea ya maandishi, na mpaka leo anatumia kompyuta ile ile.

Likibaki tatizo, tunafuata waya. Laini ya gigabiti hupitisha karibu MB 110 kwa sekunde, lakini waya wa mtandao una nyuzi nane, na moja tu ikikatika kasi inaweza kushuka hadi megabiti 100, yaani kama MB 12. Mtumiaji haoni onyo lolote. Anaona tu kwamba kunakili picha kunachukua asubuhi nzima. Tundu la waya la TV nyingi pia huishia megabiti 100, wakati filamu ya 4K iliyotolewa kwenye diski bila kubanwa zaidi inaweza kufika 128 kwenye matukio mazito. Kwa filamu za namna hiyo, Wi-Fi nzuri iliyo karibu huishinda waya, jambo ambalo wateja hulikataa mpaka walione kwa macho yao.

Sasa diski. Ukinunua ya TB 4, Windows itakuonyesha TB 3.6, hujaibiwa, ni tofauti ya kuhesabu tu. Uliza kama ni ya CMR au SMR, yaani namna mbili za kuandika data kwenye diski. Ya CMR huandika njia zake bila kulaliana. Ya SMR huandika njia zake zikilaliana kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha sehemu moja huilazimu kuandika upya na jirani zake. Kwa kuhifadhi kitu kinachokaa miaka bila kuguswa haina ubaya. Ndani ya kundi la RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, siku diski mwenzake inapokufa na data kulazimika kujengwa upya, inaweza kuchukua siku nyingi mno, na kwenye ZFS inaweza hata kutemwa nje ya kundi.

RAID si bekapu. Hili tunalirudia kwa kila mteja. RAID 1 huandika kitu kile kile kwenye diski mbili, RAID 5 huhitaji tatu au zaidi na huvumilia kifo cha moja. Zote zinakulinda na diski iliyokufa, basi. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika pande zote papo hapo. Virusi vikifunga faili na kudai fidia, vinafunga pande zote. Mwizi akibeba kasha, amebeba zote. Kama bajeti yako inatosha diski mbili tu, usiziweke pamoja kwenye RAID. Weka moja kwenye seva, ya pili iwe ya nje, inayochomekwa wakati wa kunakili kisha ikakae nyumba nyingine. Filamu zinaweza kutafutwa tena. Picha za mzazi aliyefariki haziwezi.

Ukitaka kufikia faili ukiwa safarini, usifungue milango ya ruta kuelekea seva. Tunakuwekea WireGuard, programu ya VPN, na simu yako inaingia nyumbani kwa njia iliyofungwa kwa ufunguo. UPS ndogo pia tunaipendekeza, iliyounganishwa na seva kwa waya wa USB ili umeme ukikatika mashine ijizime kwa utaratibu.

Kabla ya kukukabidhi kazi tunafanya jambo moja ambalo huwashtua wengi: tunachagua folda yako mojawapo, tunaifuta kwenye seva ukiwa umekaa pembeni, kisha wewe mwenyewe unairudisha kutoka kwenye nakala, tukikuelekeza kwa mdomo bila kugusa kibodi. Isiporudi, kazi haijaisha na hatuondoki. Ukija, njoo na kompyuta yenyewe, majina ya modeli za TV zako, na hesabu ya GB ulizonazo sasa kwenye simu na laptopu zote.