Barua ya kufunga muhula: mtoto wa awali hana kazi ya likizo

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Muheza, Tanga.
Juni

Kwa wazazi na walezi wa darasa la awali na darasa la kwanza

Ndugu wazazi na walezi,

Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na wengine wote habari za kazi. Muhula umeisha salama na ripoti za watoto mmeshazichukua. Waliotoa mahindi ya uji nawashukuru sana. Ambao bado, mnajijua, na tutaongea kwenye kikao.

Wiki nzima hii wazazi mmekuwa mkipita ofisini kuulizia kazi za likizo za watoto wa awali. Jibu ni kwamba hakuna, wala hatukusahau. Mwaka jana nilikubali, tukadurufu kurasa nne za irabu kila mtoto akaondoka na zake. Julai zikarudi zimejaa, mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikamuuliza mmoja nani kaandika. "Dada. Mimi nilikuwa nacheza mpira." Kosa lilikuwa letu walimu, na dada wa watu tukamwongezea kazi bure.

Niwaeleze tunachokiona darasani. Kuna mtoto anahesabu moja hadi hamsini bila kumeza mate, lakini ukimwambia akuletee vikombe vitatu, anakuja amekumbatia vyote. Namba amezikariri kama wimbo. Mwingine anashika penseli kama ameshika mchi, mstari haujafika mwisho na mkono umeshachoka. Huyo hata ukimnunulia madaftari kumi humsaidii, maana vidole vyake havijapata nguvu. Mpe mahindi apukuchue. Achague mawe kwenye mchele, amenye chungwa kwa mkono, afinyange udongo, akae na bibi ajaribu kusuka ukili hata kama utaenda upande. Kidole gumba na cha shahada vikishazoea kubana na kuvuta, penseli haitamsumbua.

Na machungwa ndiyo haya, msimu umefika. Ukimwaga tenga uani, mwite mdogo naye. Kwanza atenge makubwa na madogo, mabivu na mabichi. Kisha apange mafungu ya manne manne. Yakibaki mawili usimwambie chochote, muulize tu: hapa tuongeze mangapi liwe fungu? Mwache afikirie, akosee, apange upya. Sisi kugawanya kwenye baki tunafundisha madarasa ya juu kwa taabu kubwa, na wengi waliokuwa wakipanga mafungu ya mama yao barabarani tunawakuta wanajua tayari.

Lakini kubwa kuliko yote ni maneno. Mtoto anayeongeleshwa nyumbani anafika shuleni ana maneno ya kutosha, na mwalimu akitamka sentensi anaielewa. Asiyeongeleshwa ila kwa "kaa", "toka", "nyamaza", huyo tunaanza naye mbali sana. Mkienda shamba, mwelezeni mnachofanya na kwa nini. Akiuliza swali la kumi, jibu la kumi mpeni pia (najua inachosha, nina wajukuu). Jioni tegeni vitendawili, naye ategewe na ategue, hata kile chake cha kubuni ambacho jibu lake halieleweki.

Hapa kuna mzazi aliniambia ameacha kumsemesha mwanawe Kibondei ili Kiswahili kisiharibike. Mama yangu, hakiharibiki. Kibondei, Kisambaa, Kidigo, Kizigua, semeni lugha inayowatoka kwa wingi na kwa raha. Mtoto aliyezoea kusimuliwa mambo kwa lugha ya nyumbani anajua hadithi ina mwanzo na mwisho, anajua kuuliza, na Kiswahili anakidaka kwa wenzake upesi.

Michezo msiikatishe. Mdako tu, ule wa kishimo na vijiwe, una kuhesabu, una kulenga, una kusubiri zamu. Kusubiri zamu kunatupa kazi darasani kuliko herufi.

Kuhusu simu nitasema kidogo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na pungufu yake ni bora. Wa miaka mitatu na minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Hawa wetu wa awali wamezidi umri huo kidogo tu. Anayelala saa tano usiku akiangalia katuni tunamjua asubuhi: anasinzia kabla ya uji.

Akina baba, barua hii ni yenu pia. Anayetengeneza baiskeli amwite mtoto amshikie spana, amtajie majina ya vyombo, amtume kuleta skrubu mbili, moja ndefu na moja fupi.

Wenye wadogo zao nyumbani, Juni ni mwezi wa matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na dawa za minyoo kuanzia miezi 12. Mpite zahanati na kadi ya kliniki. Na yule ambaye ukimwita kutoka nyuma hageuki, au anasogelea sana kitu ili akione, msimwite mkaidi. Apimwe masikio na macho likizo hii hii, kisha mwalimu wake aambiwe ili amkalishe mbele.

Tarehe ya kufungua imebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na stoo. Siku hiyo kila mtoto wa awali aje na kikombe chake cha uji chenye jina, na vifuniko vya chupa ishirini vilivyooshwa. Aviokote na kuvihesabu mwenyewe. Vikiwa kumi na saba, tutavipokea hivyo hivyo, dada asiviongeze.

Wenu,
Mwalimu Mkuu