Mafuta ya taa yaliyotiwa petroli ni hatari

Mhariri,

Kila mafuta yanapoadimika husikika kwamba petroli, mafuta ya taa na dizeli ni kitu kimoja, tofauti ni rangi tu. Rangi mara nyingi hutiwa baadaye. Tofauti yenyewe ni urefu wa minyororo ya kaboni, yaani idadi ya atomu za kaboni zilizoungana katika kila molekuli ya mafuta.

Mafuta ghafi hupashwa moto hadi kama nyuzi 350 za sentigredi, na mvuke wake huingia kwenye mnara wenye joto kali chini, unaopoa kuelekea juu. Gesi ya kupikia, yenye kaboni 3 au 4, hutokea kileleni, petroli huifuata. Mafuta ya taa hukusanywa katikati, dizeli chini yake. Masalio huenda mnara wa pili wenye shinikizo dogo, maana yakichemshwa zaidi kwa shinikizo la kawaida yangevunjikavunjika. Humo ndimo hutoka mafuta ya kulainishia mitambo, na lami hubaki.

Mnyororo ukirefuka, mafuta huwa mazito, hayavukizi upesi na huwaka kwa masizi. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa halisi hayafanyi hivyo kabla ya kufika nyuzi 38 hivi. Ndiyo maana taa yake huhitaji utambi. Ukichakachua dumu la lita 20 za mafuta ya taa kwa lita moja tu ya petroli, kinga hiyo imekwisha: tangi la jiko hujaa mvuke ulio tayari kulipuka. Kwa macho hutaona kitu. Mvuke wa petroli pia ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi ukute moto chumba cha pili.

Kwenye injini mambo hugeuka. Petroli hudaka cheche upesi, lakini haijiwashi kirahisi kama dizeli kwa joto la mgandamizo, yaani joto la hewa iliyobanwa ndani ya injini. Tena haina utelezi, na pampu ya dizeli hulainishwa na mafuta yale yale inayoyasukuma. Ikipitisha petroli, vyuma husagana na chenga zake huishia kwenye nozeli zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini. Aliyekosea akajaza petroli kwenye gari la dizeli asiwashe hata swichi, kwa kuwa magari mengi huanza kusukuma mafuta hapo hapo. Tangi limwagwe kwanza.

Fundi wa mitambo