Mombasa nayo ni nje ya nchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mtu wa Tanga akienda Muscat hujiandaa mwezi mzima. Akienda Mombasa, huamka alfajiri, hutia kanga mbili na simu mkobani, akapanda basi. Inaeleweka. Mdigo wa Mkinga na Mdigo wa Kwale ni mtu na nduguye, na mpaka wenyewe ni mstari waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia mlango wa mto Umba, bila kuuliza nani kaoa wapi. Lakini mikasa mingi ya njia hii huzaliwa hapo hapo, kwenye kujiona bado uko nyumbani. Watu wema njiani wapo tele, ila wema wao hukwama kwa kuwa msafiri hakuwaachia pa kushika.

Tuanze na simu, maana ndiyo inayoangusha wengi. Ukishavuka mpaka wa Lunga Lunga, laini ya nyumbani inaweza kukosa mtandao, au chaji ikaisha kabla ya Ukunda. Muuza maji atakupa simu yake bila kinyongo. Unabonyeza 07 na kuendelea kama ulivyozoea. Anapokea mtu asiyekujua kabisa, au unaambiwa namba haipo. Kenya nayo ina namba zinazoanza na 07, kwa hiyo simu ya Kenya inaitafuta namba yako huko huko Kenya. Sifuri ya mwanzo inatakiwa itoke, iwekwe +255, kisha zifuate tarakimu tisa zilizobaki. Msafiri hajui, mwenye simu hajui, wanajaribu mara tatu, na kila mmoja anabaki na huruma yake mkononi.

Dawa ni kipande cha karatasi. Kabla ya kutoka andika namba tatu za watu wa nyumbani na moja ya mwenyeji wako, za kwetu zikianza na +255 na za Kenya +254. Karatasi moja ikae ndani ya pasi, nyingine mfuko wa ndani wa nguo, kwa sababu mkoba na simu huibwa pamoja. Ukiazimwa simu, sema mambo matatu tu: uko wapi, namba hii ni ya nani, upigiwe saa ngapi. Kupiga nchi nyingine kunakula salio haraka. Mwenye simu mpe shilingi 50 za Kenya za vocha; akikataa, adabu umeshaitimiza.

Mpakani kuna mkasa wa kuachwa na basi. Kituo ni cha pamoja: ukienda, unagongewa kutoka na kuingia upande wa Lunga Lunga, ukirudi, yote mawili hufanyika Horohoro, upande wetu. Abiria hupita kwenye madirisha ya Uhamiaji huku basi likikaguliwa na forodha. Mwenye pasi hupita upesi. Mwenye hati ya dharura ya kusafiria anaweza kuulizwa zaidi, na konda anayehesabu vichwa kwa haraka humruka. Kwa hiyo ukishuka, shuka na mkoba wenye karatasi, pesa na dawa zako, usiache kitu hicho kitini hata kama jirani yako ni shehe. Andika namba ya gari na ya simu ya konda. Halafu mwambie jirani wa kiti, "Bibi, nikichelewa nishikie gari." Maneno hayo machache yana nguvu kuliko tiketi, maana konda atabishana na wewe lakini hatabishana na mama mtu mzima aliyesimama mlangoni akisema bado mmoja. Ukiwa umeachwa tayari, usitoke nje kutafuta bodaboda. Rudi kwa ofisa wa Uhamiaji aliyekugongea, umwombe akuelekeze kwa basi linalofuata, au, ikiwa ni mchana, upande matatu, yaani daladala yao, ya Likoni. Matatu itaishia Likoni. Hapo unapanda kivuko cha kwenda Mombasa kwa miguu, bure. Kama mna mtoto, ashikwe mkono tangu kwenye foleni, si mkiwa mmeshaingia kwenye msukumano.

Muhuri usomwe pale pale dirishani: tarehe, na siku ulizopewa. Raia wa Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi sita Kenya, lakini kinachohesabika ni kilichoandikwa. Na anayekuja kukwambia "twende tu, huku hakuna shida," akakupitisha njia ya panya, pengine hana nia mbaya. Yeye hupita huko kila siku kumwona shangazi yake. Ila siku ya kurudi ni wewe utakayeulizwa uliingiaje. Mpita njia anaweza kukupa nauli, chakula na pa kulala. Kukugongea muhuri hawezi.

Wapo pia wanaokwenda na kitambulisho cha NIDA peke yake kwa kuwa wamesikia Wakenya na Waganda wanatembeleana kwa vitambulisho. Utaratibu huo ulianza 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda; Tanzania haikuwamo. Hati ya dharura hutolewa na Uhamiaji kwa shilingi 20,000, pasi ya kawaida ni 150,000. Kadi ya homa ya manjano nayo ina hesabu yake: chanjo huanza kuhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanjwa jana yake hakukusaidii. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 kadi moja inatosha maisha yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10.

Pasi ikipotea huko, nenda kituo cha polisi kilicho karibu, utoe taarifa, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na ile karatasi ambayo wenzetu huiita abstrakti. Ndipo uende ubalozini. Picha ya ukurasa wa mbele wa pasi, ikiwa imehifadhiwa kwenye simu ya mtu wa nyumbani na si kwenye yako tu, itakuokolea maswali mengi.

Kwenye pesa, masikio ndiyo yanayodanganya. Shilingi moja ya Kenya huchezea karibu 20 za kwetu, ikipanda na kushuka. Ukiambiwa "mia tano," kichwa cha Kitanga kinasikia jero, pesa ya kitu kidogo. Kumbe ni kama shilingi 10,000. Kwenye matatu utasikia pia "mbao," nayo si ubao, ni 20. "Soo" ni 100, "thao" ni 1,000. Kabla ya kubadilisha, piga hesabu mwenyewe kwenye karatasi: 100,000 zetu kwa 20 ni 5,000 zao. Hesabu noti moja moja ukizikunjua, kwani noti iliyokunjwa katikati huhesabiwa ncha zote mbili. Na noti za zamani za 1,000 za Kenya, zile alizoziweka babu chini ya godoro, zilikufa tarehe 30 Septemba 2019. Aliyekupa hakukuibia, hakujua tu.

Mfuko wa rambo usiuingize. Kenya waliupiga marufuku Agosti 2017, sisi Juni 2019. Machungwa ya Muheza ya kumpelekea mwenyeji yaende kwenye kapu la ukindu, ambalo nalo ni zawadi.

Ukiishiwa kabisa, nyumbani wanaweza kukutumia kwa M-Pesa hadi namba ya Kenya. Hapo ndipo mgeni mwema huhitajika, na ndipo tapeli naye hujipenyeza. Omba duka lenye wakala, si mtu wa kusimama barabarani, na aliye nyumbani asithibitishe kutuma mpaka amekusomea jina lililotokea nawe umelisikia likitajwa na mwenye duka. Anayetaka kukushikia pasi "mpaka pesa ifike," mkatalie. Anayekuomba umvushie kifurushi, mkatalie pia, hata akikuita mwanangu.

Nasi wa huku tuna zamu yetu. Mkenya akishushwa stendi ya Kange usiku hudhani yuko mjini, na akiambiwa mwenyeji wake anakaa Barabara ya 12 haoni kama ni anwani. Ataulizia tuktuk, naye anataka bajaji. Usimwonyeshe njia kwa kidole. Chukua karatasi yake, ondoa ile sifuri, weka +254, umpigie mwenyeji wewe mwenyewe, kisha dereva wa bajaji aongee naye kabla hawajaondoka.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga