Ukuta wangu uligongwa mbele ya bosi

Mhariri, salaam. Naomba nafasi niongee na mafundi wenzangu hasa vijana, maana kwenye ukurasa huu kuna mwenzetu alilalamika kwamba wazee wa saiti wanatudhalilisha, na mimi yalishanikuta, tena kwa mtu ambaye mpaka leo nikikutana nae shikamoo yake naitoa kwa moyo mmoja.

Mi napiga plasta huku Kigamboni. Mwaka jana nilimaliza nyumba ya bosi mmoja, vyumba viwili na sebule, na kazi nilikuwa naiona imenyooka kabisa, ukilaza rula ukutani huoni mwanga. Bosi akamuita mzee mmoja aangalie kabla ya rangi, huyo mzee ndo alinifundisha kushika mwiko, mimi na mafundi wengi tu wa huku. Akafika, hakusema kitu, akatoa sarafu ya mia mbili akaanza kugonga ukuta, ko ko ko, alipofika upande wa dirisha la sebuleni sauti ikabadilika ikawa kama unagonga debe tupu. Akarudia kugonga. Halafu akamgeukia bosi, mimi hata hakuniangalia, akasema "huyu kakuibia saruji, hii plasta mchanga mtupu, bomoa." Saidia fundi wangu wawili wamesimama pale na makarai wanasikia.

Nilichemka jamani. Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo mdomoni, maana saruji ya mtu sijaiba hata kikombe, mfuko wa kilo 50 nilikuwa naupigia ndoo nane za mchanga, zile kubwa za lita 20, na nilikuwa nahesabu mwenyewe. Lakini ile sauti ya debe na mimi niliisikia. Nikamuomba bosi anipe mpaka kesho yake, basi.

Jioni watu wameondoka nikabaki na sarafu na chaki, nikaugonga ukuta mzima, kila panapolia kama debe tupu nachora duara. Vyumbani hamna kitu. Sebuleni, upande ule unaopigwa na jua la mchana, nikapata maduara kumi na moja, mengine makubwa kama sinia. Nikapachika patasi nikabandua kipande, kikatoka kizima kama chapati, nyuma kina vumbi la tofali na tofali lenyewe kavuuu. Hapo nikakumbuka, siku ile maji yalikatika tukawa na madumu machache ya kununua, nikasema yatatosha kukorogea, ukuta sikuulowesha. Na tofali la saruji lililopigwa jua ukilibandika mota, yaani ule mchanganyo wa saruji, mchanga na maji, bila kulilowesha linanyonya maji yote saruji haijashika bado, plasta inabaki imeegemea tu. Kumwagilia plasta nako baada ya kuipiga, badala ya siku 7 upande ule nilimwagilia siku mbili. Hilo lilikuwa kosa langu mimi, na kazi hii naijua.

Sasa wenzangu nisikilizeni hapa. Mzee alisema mambo mawili kwa mkupuo mmoja, kwamba plasta haijashika na kwamba mimi mwizi. La kwanza kweli, la pili sio kweli. Ningemjibu palepale kwa hasira ningeyakataa yote mawili, na ule ukuta mbovu ningeutetea mpaka mwisho. Na ningekaa kimya moja kwa moja ningekuwa nimeyakubali yote, na huku kazi tunapeana kwa kuambizana, ukishaitwa mwizi wa saruji simu yako hailii tena, watoto wanakula nini? Ndo maana nawaomba na wazee wetu pia, tukikosea tukemeeni, hata kwa ukali tutapokea, ila kumuita kijana pembeni ni dakika mbili tu, na neno mwizi msilitoe mbele ya mwenye nyumba kabla hamjamuuliza mchanganyo wake.

Asubuhi nilianza kubomoa bosi hajafika. Kipande kimoja nikakifunga kwenye gazeti nikampelekea mzee kwake, nikamwambia shikamoo mzee, jana ulichosema kuhusu ukuta ni kweli, sikuulowesha, ila saruji sikuiba, hiki hapa kivunje. Akakikunja kwa mikono miwili kikagoma, akakikwaruza kwa ukucha hakikutoa mchanga. Akakaa kimya muda mrefu. Hakusema samahani, alisema "hii ina saruji", akachukua simu akampigia bosi palepale nikiwepo, akamwambia kijana hajakuibia, tatizo lilikuwa maji.

Nilirudia kwa hela yangu, mifuko miwili, jioni nalowesha ukuta na asubuhi tena kabla ya kugusa mwiko, halafu siku saba namwagilia. Siku ya nane mzee akapita na sarafu yake, akagonga kona hadi kona, akaniuliza mchanga nanunua wapi.

Fundi plasta,
Kigamboni, Dar es Salaam